Mchanga, Kuvu na Kanzu Nyeupe: Bi Fundi Anajibu

Barua za mwezi huu zimenijia kwa fujo. Idi imepita, makabati yamepekuliwa, na vijana wamegundua tena vile vikamera ambavyo mama zao walivisukuma ndani ya droo simu zilipoingia. Meza yangu ya kutengeneza kamera hapa Mombasa, mtaa wa Biashara, juu ya duka la leso, imejaa mpaka chakula cha mchana nakilia dirishani. Nimechagua barua sita. Wale mlioniuliza kama kamera ya filamu ni bora kuliko ya dijitali, hilo silijibu. Ni kama kuniuliza mahamri na chapati.

Salaam aleikum Bi Fundi. Mimi ni mwanafunzi wa chuo. Kuna kijana Mwembe Tayari ataka kuniuzia kikamera cha dijitali cha zamani, megapikseli 7, kwa shilingi 6,500. Hana chaja wala kadi, asema chaja yoyote itafaa. Marafiki zangu wanicheka, waniambia simu yangu ina megapikseli 50. Ninunue?
*Mwanafunzi, Tudor*

Waalaykum salaam, mwanangu. Tuanze na hao wanaokucheka. Picha ya albamu, ile ya inchi 4 kwa 6, ikichapishwa vizuri yahitaji nukta 1,200 kwa 1,800. Piga hesabu: ni nukta milioni 2 na kidogo, yaani megapikseli 2 na kidogo. Saba zakutosha, na chenji inabaki.

Kinachonitia shaka ni hiyo chaja. "Chaja yoyote" hakuna. Kila betri ina umbo lake na mahali pake pa kugusa, na kamera isiyowaka mbele ya macho yako ni mbuzi kwenye gunia. Mwambie atafute betri yenye moto, hata ya kuazima, mkutane mchana. Na wewe nenda na kadi mfukoni. Hapo ndipo wengi hukwama: kamera nyingi za kabla ya 2006 hazisomi kadi ya SD iliyozidi gigabaiti 2, na zilizofuata huishia 32. Kijana akichomeka kadi ya 64 kamera ikakataa, hudhani imekufa, kumbe imeshindwa kusoma tu. Na ukikuta tundu la kadi ni la xD, ile ya kamera za zamani za Olympus na Fujifilm, bei ishuke sana, maana utaitafuta kadi hiyo mpaka uchoke.

Ikiwaka, usiitazame kwanza. Isikilize. Lenzi itoke na irudi kwa sauti moja. Ukisikia mkwaruzo, kama mtu anayetafuna wali wenye mchanga, irudishe. Halafu piga picha ya ukuta mweupe uikuze kwenye skrini: madoa ya kijivu yasiyohama ni vumbi lililoingia ndani. Ziba lenzi kwa kiganja upige nyingine: vinukta vyekundu au vyeupe ni sensa, lile jicho la ndani linaloshika picha, iliyochoka. Washa flashi. Fungua kijimlango cha betri utazame vile vyuma. Ukiona unga wa kijani au mweupe, betri ilivujia humo. Na kijimlango chenyewe kifunge na kufungua mara tatu. Kile kijino cha plastiki kinachokishika ndicho huvunjika kabla ya chochote, na spea yake sijapata kuiona dukani. Nawafungia watu kwa mpira wa nywele.

Neno moja zaidi kwa wanaonunua za miaka ya 2002 hadi 2004. Baadhi zilitoka kiwandani na sensa yenye kasoro, na joto na unyevu, yaani hali ya hewa yetu, vikaimaliza. Picha hutoka za zambarau zenye mistari kama maji yanayotikiswa. Hiyo haina dawa.

Kama ni mimi, ningetafuta kikamera kinachotumia betri mbili za kawaida, zile za saa ya ukutani. Unaijaribu papo hapo dukani. Ila usiitilie betri za bei ya chini, zitakufa kabla hujapiga picha kumi. Nunua nne za kuchaji. Huyo wa Mwembe Tayari mpe nusu ya bei, akikataa ondoka. Atakuita kabla hujapanda matatu.

Bi Fundi, kamera yangu ilianguka mchangani Shelly Beach nikiwapiga watoto picha. Lenzi imekwama nje, haiingii wala haitoki, na skrini yaniandikia niizime niiwashe tena. Fundi wa simu amenambia niizike ndani ya mchele siku tatu.
*Mama Watatu, Likoni*

Mama Watatu, mchele upikie pilau. Kamera yako haikulowa, imemeza mchanga, na mchele utaiongezea unga.

Hebu nikueleze kilichomo. Lenzi ya kikamera kama hicho ni mabomba matatu membamba, moja ndani ya jingine. Kati ya bomba na bomba pana nafasi ambayo ukucha wako haupiti. Nyuma yake kuna mota ndogo kama punje ya haragwe na magurudumu ya meno ya plastiki. Kamera inajua lenzi yapaswa kufika wapi na kwa muda gani. Ikichelewa, inakata tamaa na kukuandikia huo ujumbe. Huo si ugonjwa. Inajilinda isivunje meno yake. Ndiyo maana nawasihi watu: usiisukume kwa nguvu, na usiiwashe na kuizima mara ishirini ukiomba Mungu. Kila unapoiwasha, ile chembe inazidi kukandamizwa.

Fanya hivi. Toa betri, uichaji mpaka ijae, kwa sababu betri dhaifu nayo huleta ujumbe ule ule. Wakati inachaji, ishike kamera lenzi ikitazama chini, uipige mgongoni kwa kidole, polepole, kama unavyomcheulisha mtoto. Tumia pampu ya mpira kupuliza pembeni ya kila bomba. Usipulize kwa mdomo, mate yatageuza mchanga kuwa tope. Kisha chukua karatasi nyembamba ngumu, mimi natumia ukingo wa kadi ya mwaliko wa harusi, uizungushe taratibu kwenye ule mwanya. Utasikia inagota mahali pamoja. Hapo ndipo alipo mgeni wako. Puliza tena, kamera bado ikitazama chini, rudisha betri, iwashe ikiwa hivyo hivyo. Kati ya kamera kumi za mchanga zinazofika mezani kwangu, nne au tano huamka kwa hilo tu.

Juma lililopita nimeifungua moja iliyokataa. Nilichokitoa kwa kibano kilikuwa kipande cha gamba la kombe, chembamba kama ukucha wa mtoto mchanga, kimesimama wima kati ya bomba la pili na la tatu. Mwenyewe alikuwa ameshatangaza msiba.

Ila wewe usiifungue. Chini ya flashi pana kapasita, kipipa cheusi, inayoweka umeme wa volti kama 300, na hubaki nao hata betri ikishatolewa. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilikigusa kipipa hicho kwa bisibisi. Mkono uliruka ukapiga kabati, na ncha ya bisibisi ikaliwa kama imeumwa na panya. Ninayo mpaka leo, nawaonyesha wanafunzi.

Ile ya kuizika kwenye mchele wengi huiuliza kwa kamera iliyoanguka baharini. Toa betri dakika hiyo hiyo, na usiiwashe "kujaribu". Maji ya chumvi yakipitiwa na umeme hula nyaya kwa saa, hayangoji siku.

Bi Fundi, hujambo. Marehemu baba ameniachia kamera ya filamu, Olympus Trip 35. Imekaa ndani ya mfuko wake wa ngozi kabatini tangu 1991. Nimeitoa, nikaona ndani ya lenzi nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Haina mahali pa betri, sijui itawakaje. Ni ya kutupa?
*Mwana wa marehemu, Kibokoni*

Mungu amrehemu mzee. Usiitupe, kakangu. Kama mtu angeniuliza kamera ya filamu ya kuanzia, ningemtajia hiyo hiyo.

Huioni betri kwa sababu haina. Ule mduara wa vioo kama sega la nyuki kuzunguka lenzi ni seli ya seleniamu, inazalisha umeme kutokana na nuru na kuisukuma mita, yaani kile kipima nuru. Zilitengenezwa kuanzia 1967 hadi 1984, na nyingi bado zinapima sawa. Jaribu sasa hivi: pete iweke kwenye A, itazame kupitia kidirisha ukielekea barabarani, bonyeza. Ikifyatuka, vizuri. Ivute tena, ziba ule mduara kwa kiganja, bonyeza. Kijibendera chekundu kikichomoza na kitufe kikakataa kushuka, mita ya baba yako i hai. Kisha fungua mlango wa nyuma, weka pete kwenye 2.8, bonyeza ukitazama kupitia lenzi, halafu kwenye 22. Lile tundu lionekane kubwa mara ya kwanza na dogo kabisa mara ya pili. Lisipobadilika, vile vijani vya chuma vimegandishwa na mafuta. Ndio ugonjwa wake mkuu, na unatibika.

Sasa hizo nyuzi. Hiyo ni kuvu, ndugu ya ile inayoota kwenye viatu mwezi wa tano. Ikipata giza, hewa iliyotulia na unyevu wa zaidi ya asilimia 60 hivi inaota, na Mombasa unyevu mara nyingi unapita 70. Ule mfuko wa ngozi, mzee aliuona ni ulinzi, ndio uliokuwa shamba. Ngozi hunywa maji ya hewani na kuyatunza. Kamera nyingi ninazopokea Mji wa Kale hazikuharibiwa na kazi. Zimeozea kabatini, ndani ya ngozi, kwa heshima zote.

Kuvu ikiwa juu ya kioo tu, inafutika. Ikikaa miaka mingi hutoa asidi na kula ule mpako wa rangi ya urujuani, ukabaki na mchoro ambao haufutiki. Lakini usihuzunike mapema. Mchoro mdogo hauonekani kwenye picha, ila ukipiga kuelekea jua, ambapo picha hupauka kidogo. Kwenye Trip kioo cha mbele hutoka kwa kulegeza skrubu tatu ndogo kama chembe za ufuta kwenye pete ya umbali. Anayeifungua lazima atie alama ya mahali kioo kilipokuwa kabla ya kukizungusha. Asipotia alama, kamera itakaa kwa maisha yake yote ikiona vizuri kuta na vibaya watu. Nimezirekebisha kadhaa za namna hiyo, na kila mara mwenyewe hunambia "aliifungua rafiki".

Kuna kazi moja unaweza kuifanya mwenyewe. Kwenye mifereji ya mlango wa nyuma kuna sponji nyeusi ya kuzuia nuru. Baada ya miaka hii imekuwa lami. Ikwangue kwa kijiti cha meno na pamba yenye spiriti, usiache kipande kidondokee ndani, halafu bandika uzi mweusi wa sufi kwenye mfereji. Mama yangu alitumia uzi wa kufumia, na ukashika miaka kumi na mbili.

Umbali unachagua kwa picha nne: kichwa kimoja ni mita 1, watu wawili mita 1.5, kikundi mita 3, mlima ni mbali kote. Filamu ibaki kwenye friji ndani ya kopo lake, na ukiitoa ingoje saa nzima kabla ya kufungua, la sivyo itatoka jasho. Mfuko wa ngozi utundike ukutani kwa ukumbusho. Kamera iweke kwenye sanduku la plastiki linalofunga sawasawa, pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya, ubadilishe kila baada ya miezi michache. Na kila mwezi ifyatue mara kumi, hata bila filamu.

Nina kamera ya filamu, Canonet QL17 GIII. Vitabu vyataka betri ya zebaki ya volti 1.35 ambayo haipatikani tena. Nitie ya 1.5?
*Mpigapicha, Bamburi*

Ukitia ya 1.5 mita itadhani nuru ni nyingi kuliko ilivyo, na picha zitoke za giza. Nenda duka linalouza vifaa vya masikio ya wazee, nunua betri ya hewa namba 675, ina volti 1.4. Ni nyembamba kidogo, izungushie pete ya waya wa shaba. Ukishabandua ile karatasi yake inaanza kufa, hivyo bandua siku ya safari. Au piga bila mita: jua la saa sita Bamburi, filamu ya ISO 200, weka tundu la lenzi f/16 na kasi iliyo karibu na 1/200, uache mita ilale.

Bi Fundi, kila Idi twapiga picha za ukoo wote pale bustani ya Mama Ngina, wanaume peke yao na kanzu zao, wanawake peke yao na mabuibui yao. Kila mwaka nyuso za wanaume ni nyeusi kama makaa na za wanawake zang'aa kama zimepakwa unga. Kamera ni mbovu?
*Shangazi, Makadara*

Shikamoo shangazi. Kamera si mbovu, ni mshamba. Imefundishwa kwamba dunia yote ikichanganywa ni ya kijivu. Ikiona kanzu ishirini nyeupe inasema nuru imezidi, inaipunguza, na nyuso zinazama. Ikiona mabuibui inasema giza limezidi, inaongeza nuru, na nyuso zinaungua.

Tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Kanzu zikijaa kwenye picha, ongeza hadi kama theluthi mbili ya hatua moja. Mabuibui yakijaa, punguza kiasi hicho hicho. Vikichanganyika nusu kwa nusu, iache. Na flashi iwashe mchana, usiogope kuchekwa. Jua la utosini linaweka kivuli cha kofia juu ya macho ya kila mwanamume, na flashi ndiyo inayokitoa. Lakini flashi ya kikamera kidogo hufika mita tatu hivi, kwa hiyo usisimame ng'ambo ya barabara. Na kamera isiwe imetoka sasa hivi kwenye gari lenye AC. Lenzi itapata ukungu wa maji na ukoo wote utatoka kama majini.

La kuwapanga watu, shangazi, utanifundisha wewe.

Bi Fundi, naolewa baada ya miezi miwili. Kwenye kupamba, ile sherehe ya wanawake peke yao, simu zitakusanywa mlangoni. Nataka niweke meza kwa meza zile kamera za filamu za kutumia mara moja, wageni wapigane picha wenyewe. Mama asema wazo zuri, lakini nani atazisafisha filamu zake, picha zitoke?
*Bi harusi mtarajiwa, Kisauni*

Mama yako amenikumbusha mbali. Miaka ya themanini, nikiwa msichana kwenye studio ya baba, mimi ndiye niliyepelekwa kwenye kupamba, kwa sababu baba na kaka zangu hawakuweza kuvuka mlango. Ndani, wanawake wamevua mabuibui, nywele wazi, dhahabu, wanacheza. Napiga mikanda miwili ya filamu. Kisha? Filamu ya rangi yataka dawa ya nyuzi 38 bila kupanda wala kushuka, ni kazi ya mashine, na mashine za mjini zote zilikuwa mikononi mwa wanaume. Basi maharusi wengi walinambia: tupige nyeusi na nyeupe. Watu siku hizi wakiziona picha zile husema "wa zamani walipenda sanaa". Hapana. Nyeusi na nyeupe niliweza kuisafisha mwenyewe, usiku, bafuni kwetu. Dawa yake yataka nyuzi 20, na maji ya bomba yetu ni kama 29, kwa hiyo kaka alitumwa kwa muuza samaki kuleta barafu. Beseni la dawa likikaa ndani ya beseni la barafu, kipimajoto mkononi, na chumba chote kinanuka samaki changu.

Kamera za kutumia mara moja huwa na picha 27 hivi kila moja, na zitapita kwa watu usiowajua kabla hujaziona. Kwa kupamba, mimi sikushauri. Azima vikamera vinne vya dijitali vya zamani, visivyo na mawasiliano yoyote na intaneti, na kila kimoja utie kadi mpya uliyoinunua mwenyewe. Usitumie kadi ya mwenye kamera halafu ufute. Picha iliyofutwa hubaki ndani ya kadi mpaka nyingine iandikwe juu yake, na mtu mwenye programu ndogo tu huirudisha. Kadi zipe namba kwa kalamu, 1 hadi 4. Flashi ziwe zimewashwa, na mwambie shoga yako mmoja, yule asiyependa kucheza, ndiye azilinde.

Mwisho wa usiku toa kadi wewe mwenyewe, uzifunge kwenye pindo la leso. Zihesabu mara mbili kabla gari la kwanza halijaondoka mlangoni.